Taa Mbili za Gakuru na Gato

Mzee Saidi Munyaneza, fundi cherehani wa mtaa wa Nyakabanda nchini Rwanda, alikuwa na desturi ya kusema maneno mazito huku amebana pini mbili midomoni. Hakuna aliyethubutu kumkatiza, kwa hofu kwamba akishtuka atazimeza. Ndivyo alivyozungumza na mwanawe Usumani Jumatatu moja ya mwaka 1991, siku tano kabla ya harusi ya binti yake Raihana.

"Jumamosi utapiga muziki wewe. Dada yako kakuombea, na bibi harusi hanyimwi kitu. Lakini unisikie. Nikimsikia tena yule nyuki wako, Jumatatu unapanda gari la Butare. Baba yako mdogo anatafuta mtu wa kupima vitenge dukani."

"Ndiyo, baba."

"Vitenge, Usumani. Mita moja, mita mbili, mita tatu. Mpaka uote mvi."

Nyuki huyo alikuwa na historia yake. Miezi miwili nyuma, kwenye harusi ya jirani, Usumani alifunga ampli na spika mbili kubwa za bosi wake, akampa shehe maikrofoni. Shehe akafungua mdomo. Spika nazo zikafungua midomo, na kilichotoka ni mmmmmmm, mvumo mmoja mnene, mrefu, utadhani mzinga mzima umehamia kwenye waya. Shehe akasoma, nyuki wakavuma. Shehe akapandisha sauti, nyuki nao wakapandisha. Watu walirudi makwao hawana uhakika nani kaozwa kwa nani. Mzee Munyaneza alikuwa amekaa mstari wa mbele, na tangu siku hiyo kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alimuuliza bei ya asali.

Usumani alikuwa na miaka ishirini na moja na diploma ya elektroniki, ambayo ilitundikwa juu ya cherehani ya baba yake mahali ambapo mteja hawezi kukwepa kuiona. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja, kutaka kujua ndani kuna nini. Akiwa na miaka tisa alifungua saa ya ukutani ili amwone anayegonga kengele. Hakumwona, na kengele haikugonga tena. Sasa alikuwa fundi katika karakana ya Twizeyimana, mtengeneza redio wa mtaa ule ule, mtu mfupi mwenye miwani iliyoungwa kwa waya wa shaba. Hapo angalau alilipwa kwa ugonjwa wake.

Dawa ya nyuki aliijua kwa jina: ekwalaiza. Ni mashine inayokaa kati ya maikrofoni na ampli na kuigawa sauti mafungu matano, kila fungu na kitelezi chake. Fungu la chini kabisa ni la ngoma na mivumo, la katikati ni la binadamu anaposema, la juu kabisa ni la matoazi na miluzi. Nyuki wanakaa chini, shehe anakaa katikati. Unateremsha kitelezi cha chini, unapandisha cha katikati, nyuki wanahama, shehe anabaki. Mashine kama hiyo ilikuwapo mjini, nyuma ya kioo cha duka moja, na Usumani alikuwa akienda kuisalimu kila wiki kama mgonjwa hospitalini. Ila ya kwake ingekuwa ile atakayoitengeneza mwenyewe.

Upande wa sauti haukumsumbua. Alikuwa na vidude vitano vyeusi vyenye miguu minane minane, alivyovichomoa kwenye mashine ya Kijapani iliyoungua, na kwa sababu ya miguu hiyo yeye na bosi wake waliviita buibui. Shida ya buibui ni chakula chao. Sauti ni kitu kinachopanda na kushuka, kwa hiyo buibui anataka umeme wa aina mbili: volti kumi na mbili juu ya sifuri ili apande, na volti kumi na mbili chini ya sifuri ili ashuke. Ukimpa wa juu peke yake atapanda vizuri sana, lakini kushuka hana pa kushukia.

Na transfoma aliyokuwa nayo, ya redio moja iliyokufa, ilitoa njia moja tu.

Jumanne nzima Usumani alikaa na penseli. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde, kama msumeno wa watu wawili. Akachora diodi mbili, vali za kupitisha umeme upande mmoja tu, zilizopeana mgongo, moja ya kuchukua msumeno ukienda, nyingine ya kuchukua ukirudi. Ya kwanza ingejaza kapasita ya upande wa juu, pipa la kuhifadhi umeme, ya pili ingejaza kapasita ya upande wa chini. Na mbele ya kila kapasita akaweka kidhibiti, kidude cha miguu mitatu chenye bati mgongoni, kazi yake kushikilia volti zisizidi kumi na mbili. Vidhibiti hivyo alivinunua kwa Mzaire mmoja kwenye mtaa wa maduka wa Matheus. Vilifanana umbo, rangi na urefu wa miguu. Tofauti ilikuwa tarakimu moja tu iliyoandikwa kifuani.

Twizeyimana alivigeuza geuza mkononi, akavibatiza hapo hapo kama wanavyoitwa mapacha wote wa Rwanda, mkubwa na mdogo.

"Ya juu iko Gakuru, ya chini iko Gato. Lakini angalia, sha. Hawa sura iko moja, tabia iko mbili."

"Najua, bosi. Miguu yao haijapangwa sawa. Tulisoma."

"Ah, mlisoma," alisema Twizeyimana, ambaye hakusoma, na akarudi kwenye redio yake.

Kweli Usumani alikuwa anajua habari za miguu. Akamfunga Gakuru kwa mpango wake na Gato kwa mpango wake, akajipongeza kimoyomoyo. Habari za mgongo hakuna aliyemwuliza, naye hakujiuliza.

Kopo la kuweka mashine alilipata kwa Raihana. Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, pana na la mstatili, ambamo vifungo vya dukani kwa baba yao vilikaa tangu enzi za babu. Raihana, aliyekuwa akijishonea gauni la harusi mwenyewe, akamwaga vifungo kwenye mfuko wa nailoni.

"Chukua. Baba akiuliza, vifungo vimeolewa vimehama. Lakini uweke taa mbele."

"Itakuwapo. Nyekundu."

"Moja?"

"Moja."

"We Usumani! Taa moja? Litakaa kama jicho la mwizi anayechungulia. Weka mbili, nyekundu huku, kijani huku. Ni harusi yangu."

"Dada, hii si lori. Taa ni ya kuonyesha kwamba umeme upo. Ikiwaka, upo. Ikizima, haupo. Ya pili itaonyesha nini? Kwamba ya kwanza ipo?"

"Itaonyesha kwamba ulinisikiliza."

Hakumsikiliza. Aliweka taa moja, nyekundu, na akaiunga upande wa juu, kwa Gakuru, kwa sababu ya kitaalamu kabisa: waya wa Gakuru ndio uliokuwa karibu na tundu.

Jumatano mchana mashine yote ilikuwa imetandazwa juu ya gazeti kwenye meza ya karakana, utumbo nje, waya kila upande. Raihana alikuja kuijaribu. Akashika maikrofoni kama mtu aliyezaliwa nayo.

"Hallo, hallo. Bwana harusi anaombwa aache sambusa, wageni hawajala. Narudia, aache sambusa."

Usumani akateremsha kitelezi cha chini. Nyuki wakaondoka mmoja mmoja, kisha wote. Akapandisha cha katikati. Sauti ya Raihana ikatoka kwenye spika nyororo, karibu, mpaka mtu aliyekuwa akipita nje na baiskeli akasimama kuuliza ni bwana harusi gani huyo.

Twizeyimana akavua miwani. "Hii iko sauti ya mtu," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu. "Sasa funga ndani ya kopo. Kitu inapata moto, kaza kwenye bati."

Hiyo ndiyo sheria ya karakana, na Usumani aliijua kama jina lake. Chochote kinachopata moto kinakazwa kwa skrubu kwenye chuma kitupu, bila rangi, bila karatasi, ili joto litoke. Akakwangua rangi ya kopo mpaka bati likang'aa. Akawakaza Gakuru na Gato ubavu kwa ubavu, mgongo wa kila mmoja kwenye bati, akafunga mfuniko, akachomeka umeme. Taa nyekundu ikawaka kwa majivuno.

"Hallo," alisema Raihana.

Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu aliyemeza kijiko.

"Hallo?" Kijiko kikasogea. "Usumani, nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ngoja."

Akaitoa mashine yote koponi, akairudisha juu ya gazeti. Bado kijiko. Taa nyekundu inawaka. Raihana akaiweka maikrofoni chini polepole kama kitu kinachoweza kuuma, akasema anakwenda kumaliza mikono ya gauni, kwa sababu kama sauti itakuwa hiyo, basi watu watahitaji kitu kizuri cha kutazama.

Alhamisi asubuhi Usumani alibadilisha buibui wa kwanza. Kisha wa pili. Akalehemu upya kila kiungo, akasafisha vitelezi, akabadilisha waya wa maikrofoni. Kila mara alitazama taa na kujiambia: umeme upo, kwa hiyo tatizo liko kwenye sauti. Na kila mara, badala ya hasira, kitu kingine kilimwasha kifuani, kile kile cha saa ya ukutani. Jana iliimba. Leo haiimbi. Nani kaingia humu ndani?

Karibu na saa sita Twizeyimana, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Umepima?"

"Kupima nini, bosi? Taa inawaka."

"Taa iko inasema habari ya kwake. Yule mwingine umemuuliza?"

Usumani akachukua kipima volti kwa shingo upande. Kwa Gakuru, kumi na mbili kamili. Kwa Gato mshale haukutikisika. Sifuri. Akaisogelea diodi ya chini na kuipima. Ilikuwa imekufa, kimya kimya, kama mgeni aliyeondoka karamuni bila kuaga. Tangu jana buibui walikuwa wanakula upande mmoja tu, wanapanda, hawana pa kushukia, na taa nyekundu inatabasamu.

Alikuwa na diodi tatu za akiba. Akaweka ya kwanza. Mezani mashine ikaimba. Akaikaza koponi, akawasha. Transfoma ikaguna, harufu ya kuungua ikampiga puani, kijiko kikarudi. Fyuzi ndiyo iliyotakiwa kukatika kwanza, lakini fyuzi ya Usumani ilikuwa waya wa shaba aliousokota mwenyewe, mnene wa kutosha kuvuta gari lililokwama.

"Mezani inaimba," alisema kwa sauti, "koponi inakufa."

"Kopo ina pepo ya vifungo," alisema Twizeyimana.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Usumani aliweka diodi ya pili ili aone inavyokufa. Safari hii aliacha mfuniko wazi na kuinamia karibu. Akaona kijimoshi chembamba, basi. Hakuona sababu. Sasa diodi imebaki moja, na Ijumaa imebaki moja.

Ijumaa baada ya swala Usumani alikwenda dukani kwa baba yake akiwa bado na kanzu, akakaa kwenye kigoda. Mzee Munyaneza alikuwa anapiga pasi suti ya bwana harusi kwa pasi ya mkaa. Pasi ya umeme ilikuwa chini ya meza tangu mwaka juzi, ilipoacha kupata moto. Mzee hakuitengeneza wala hakuitupa. Duka lile halikutupa hata uzi wa shubiri moja.

"Umenuna," alisema mzee.

"Hapana, baba. Nafikiri."

"Kufikiri kwako kuna sura ya kununa. Vuta ile pasi ya umeme uifungue. Angalau unitengenezee kitu kimoja kabla ya Butare."

Usumani hakuwa na moyo wa kutengeneza kitu, lakini kufungua kitu ni jambo jingine. Akatoa skrubu, akainua kifuniko. Ndani kulikuwa na waya bapa kama utepe, umezungushwa kwenye karatasi ya ajabu, ngumu, inayong'aa, inayopitisha mwanga kidogo na kuchubuka tabaka tabaka kama kitunguu. Juu ya waya kulikuwa na karatasi nyingine kama hiyo, na chini yake nyingine, ndipo kikaja chuma. Waya ulikuwa umekatika mahali pamoja tu.

"Hii nini, baba?"

"Ulanga. Unachimbwa ardhini. Babu yako alikuwa akiuona huko Tanganyika, wanaubandua kwa kisu."

"Sasa mbona wameuweka hapa katikati? Waya ungelala juu ya chuma chenyewe, moto ungefika upesi."

Mzee akasimamisha pasi ya mkaa hewani. Akamtazama mwanawe, akaitazama diploma ukutani, akamrudia mwanawe.

"Na umeme je? Nao usingefika upesi? Waya ukigusa chuma, pasi nzima inakuwa waya, na mimi niliyeishika nakuwa marehemu Munyaneza. Ulanga unapitisha moto, unakataa umeme. Mbona hili hata mimi wa sindano nalijua?"

Usumani alikuwa ametoa macho kwenye ile karatasi. Kitu inapata moto, kaza kwenye bati. Moto upite. Na umeme?

Akainuka, pindo la kanzu akalishika mkononi, akatoka mbio. Watu wa mtaa walimwona akipita kuelekea karakana, na baada ya muda mfupi wakamwona akirudi na kopo kwapani, chuma cha kulehemu mkononi na kipima volti shingoni kama daktari. Mmoja akauliza nani mgonjwa.

"Gato!" alijibu bila kusimama.

Alilifungua kopo juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mikasi. Raihana akaja na gauni lake mkononi. Mzee akaweka pasi ya mkaa kando, kwa kisingizio kwamba imepoa.

"Tazameni. Huyu ni Gakuru." Akageuza swichi ya kipima kionyeshe kama vitu viwili vimeungana, akagusisha ncha moja kwenye bati la mgongo wa Gakuru, nyingine kwenye mguu wake wa sifuri. Mshale ukaruka. "Mgongo wake umeungana na sifuri. Kopo nalo nimeliunga na sifuri. Wakigusana hakuna ugomvi. Sasa Gato."

Mgongo wa Gato na mguu wake wa sifuri: mshale umelala. Akajaribu mguu wa pili, ule ambao umeme mbichi unaingilia. Mshale ukaruka mpaka mwisho.

"Mgongo wake ndio mlango wake!" Usumani alikuwa anacheka kama mtu aliyeona mwezi mchana. "Gakuru anaegemea ukuta, hana neno. Gato naye nimemwegemeza mlango ukutani, kila kinachoingia kinamwagika kwenye bati, diodi inajitahidi kujaza pipa lisilo na kitako, mpaka inakata roho. Mezani hawakugusa bati. Ndiyo maana mezani inaimba!"

Mzee Munyaneza alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo huyu mdogo ni pasi isiyo na ulanga."

"Ndiyo, baba!"

"Na wewe siku mbili hizi ulikuwa unatazama taa ya kaka yake."

Raihana alikohoa kikohozi kirefu sana, cha mtu asiye na mafua.

"Nahitaji kipande cha ulanga," alisema Usumani, sauti imeshuka. "Kama stempu hivi. Kikae kati ya Gato na bati. Moto upite, umeme ukatae." Akaitazama pasi iliyofunguka tumbo. "Lakini huo waya naweza kuuunga, baba. Pasi itapona. Nikikata ulanga wake, haitapona tena."

Nje mtu alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu chama gani cha siasa kimezaliwa wiki hiyo. Mwaka ule vyama vilizaliwa kama watoto. Mzee akachukua pini mbili mezani, akazibana midomoni. Usumani akajua neno zito linakuja, akaanza kuhesabu vitenge kichwani, mita moja, mita mbili.

"Kipimo," alisema mzee.

"Vipi, baba?"

"Nasema kipimo. Upana, urefu. Huwezi kukata kitu kwa 'kama stempu hivi'. Stempu ya wapi?"

Usumani akanyoosha mkono kuchukua mikasi. Mzee akaiwahi.

"Toa mkono. Kupima na kukata kwa hapa Nyakabanda ni kazi yangu. Wewe kapime Butare."

Akampima Gato mgongoni kwa futi yake ya utepe kama anayempima diwani, akaongeza nafasi kidogo kila upande, kama anavyoongeza kwenye pindo, akakata ulanga kwa mikasi ya kukatia vitambaa vya hariri. Kipande kikatoka safi. Tundu la skrubu akalitoboa kwa sindano nene, taratibu, asiupasue.

"Skrubu nayo ni chuma," Usumani alikumbuka. "Itapita kwa Gato na kugusa bati upande wa pili."

Raihana akatia mkono kwenye mfuko wa nailoni, akatoa kifungo cheupe cha shati. Wakapanua tundu lake moja kwa msumari wa moto, kikakaa chini ya kichwa cha skrubu kama kofia. Na shingo ya skrubu Usumani akaivika kipande cha mrija wa kalamu ya wino iliyokwisha. Akapima mgongo wa Gato na bati. Mshale umelala. Akapima tena kwa sababu ilikuwa raha kuuona umelala. Akalehemu diodi ya mwisho upesi upesi.

"Dada," alisema akiwa ameinama, ili asionekane usoni. "Ile taa ya kijani. Ulisema ikae upande gani?"

"Samahani, sijasikia. Rudia kwenye maikrofoni."

Taa ya kijani ilikaa upande wa pili wa kopo, na ikaungwa kwa Gato. Kwa kuwa huko umeme uko chini ya sifuri, taa lazima igeuzwe miguu, iliyokuwa ya mbele irudi nyuma, la sivyo haiwaki. Mzee alitaka kujua kwa nini. Akaelezwa. Akataka aelezwe tena, polepole, na safari hii msumeno wa watu wawili uanze mwanzo. Suti ya bwana harusi ilimaliziwa kupigwa pasi karibu na magharibi.

Harusi mwaka ule zilianza mapema na kwisha mapema, maana kwa sababu ya vita vya kaskazini kulikuwa na saa ya kila mtu kuwa kwake. Jumamosi saa nane mchana uwanja wa nyuma ya nyumba ya Mzee Munyaneza ulikuwa umejaa. Baba mdogo alikuwa amefika kutoka Butare na mkoba wa sampuli za vitenge, kwa vile hakuwa mtu wa kusafiri bure. Aliketi mstari wa mbele karibu na kaka yake. Kopo lilikuwa juu ya meza pembeni, nalo lilifika hapo nyuma ya baiskeli, kwa njia ambayo mashimo yake kila mkazi wa Nyakabanda aliyajua kwa majina.

Taa mbili ziliwaka, nyekundu na kijani. Watoto wakazizunguka. Kasida ya kwanza ya akina mama ikatoka kwenye spika kila neno mahali pake, na Twizeyimana, Mkatoliki wa kila Jumapili, akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata.

Shehe akasimama. Usumani akampelekea maikrofoni. Akiwa nusu ya njia kurudi akasikia jina lake likiitwa, si kwa sauti kubwa.

"Usumani. Gato kalala."

Baba yake, peke yake katika uwanja mzima, hakuwa akimtazama shehe wala bibi harusi. Alikuwa akitazama kopo. Nyekundu inawaka. Kijani giza.

Bila ile taa Usumani angekimbilia buibui, vitelezi, waya wa maikrofoni, na shehe angemeza kijiko mbele ya watu mia mbili. Sasa alijua ni upande gani hata kabla hajafika. Akachomoa umeme, akafungua mfuniko. Gato mzima, ulanga mzima, kifungo kizima. Mguu wa diodi ya mwisho ulikuwa umeachia, lehemu ya haraka ya jana iliposhindwa na mashimo ya njiani. Chuma cha kulehemu kiko karakana. Shehe amesimama, ameshika maikrofoni isiyosema, ameanza kuitazama kama anayeikumbuka.

"Umekatika?" Mzee alikuwa tayari begani mwake.

"Umeachia tu. Ukishikwa ukatulia..."

Mzee akatoa kwenye koti kipande cha kadi chenye uzi mweusi na sindano; hata harusini fundi hatoki mtupu. Usumani akausokota mguu wa diodi kwenye waya wake, mzee akazungusha uzi mara sita, akakaza, akafunga fundo lile la kifungo cha koti, akakata kwa meno. Mfuniko. Umeme.

Nyekundu. Kijani.

"Bismillahi," alisema shehe, na neno likafika mpaka ukuta wa mwisho, hadi kwa wapishi, likiwa peke yake, bila mdudu yeyote. Akasita. Akaitazama maikrofoni. Akarudia lile lile neno, na watu wakasema baadaye kwamba mara ya pili alirudia kwa kujisikiliza tu. Safari hii kila mtu alirudi kwake akijua nani kaozwa kwa nani.

Jumatatu asubuhi baba mdogo alipita dukani na mkoba wake, akiwahi gari.

"Kaka, kijana yuko tayari?"

Mzee Munyaneza alikuwa kwenye cherehani, pini mbili midomoni. Alitikisa kichwa kushoto, kulia. Kisha akaiendesha cherehani mpaka baba mdogo akaelewa kwamba jibu limekwisha, akaaga, akaondoka na vitenge vyake.

Usumani alisimama mlangoni. Baba yake akainama chini ya meza, akaivuta ile pasi ya umeme, ganda tupu, ulanga umekatwa kona, akaisukuma kwa mguu mpaka ikafika miguuni pa mwanawe. Akatoa pini moja ili aweze kusema.

"Umenichinjia pasi. Utaniundia nyingine. Na iwe na taa, nijue umeme upo kabla sijaigusa."

"Ndiyo, baba. Taa ngapi?"

Pini ilikuwa imesharudi mdomoni. Mzee akainua vidole viwili.